Karibu ya Tatu

Jumatatu, 1 Aprili

Leo asubuhi walimu wote wa wilaya ya shule za Halvorsby tumekusanywa kwenye ukumbi wa michezo, tukakalishwa kwenye viti vya kukunja, tukaambiwa tunapangwa upya. Nilidhani ni mzaha wa tarehe moja Aprili. Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Mkurugenzi wetu mpya, Daktari Caputo, ni mwanamke kutoka New Jersey na anaongea kama mtu aliyeacha gari likinguruma nje. Alisema watoto wamepungua lakini majengo hayakupungua. Kuanzia Septemba, shule yetu ya msingi itabaki na wadogo tu, chekechea hadi darasa la tano. Darasa la sita linahamia shule ya kati, lile jengo la ukingoni mwa ziwa. Tulikuwa na mikondo miwili ya darasa la sita; sasa utabaki mmoja. Na walimu wote wawili wa chekechea wanastaafu.

Hesabu si ngumu. Walimu tusio na pa kukaa tuko watatu: mimi, yaani Orrin Tvedt, wa mkondo wa kwanza wa darasa la sita; Marlys Opsahl wa mkondo wa pili, jirani yangu ukuta kwa ukuta; na kijana Rogelio Cantú, ambaye mkondo wake wa darasa la tano unafutwa, aliyekuja kutoka Texas mwaka juzi na bado anavaa koti ndani ya nyumba. Nafasi nazo ni tatu: darasa la sita moja, chekechea mbili. Cantú ndiye wa mwisho kuajiriwa, kwa hiyo yeye ni chekechea na hakuna mjadala. Tumebaki mimi na Marlys.

Kwa kawaida mkongwe ndiye anayechagua. Lakini mimi na Marlys tuliajiriwa jioni moja, kikao kimoja cha bodi, pumzi moja ya mwenyekiti. Miaka yote hii Marlys anadai yeye ndiye mkongwe kwa sababu jina lake lilisomwa kwanza. Lilisomwa kwanza kwa sababu O iko mbele ya T! Daktari Caputo amesema alfabeti si ukongwe. Atatuangalia, atazungumza na kila mmoja, kisha ataamua mwenyewe.

Lazima niipate nafasi ile. Chumba chenyewe nimeshakiona, namba kumi na nne, ghorofa ya juu. Kina dirisha pana linalotazama ziwa, na ziwa likiganda, kibanda changu cha kuvulia samaki kitasimama juu ya barafu, chini ya dirisha hilo kabisa. Unatega ndoano kwenye tundu la barafu, na samaki akivuta, kibendera chekundu kinainuka. Nitafundisha hesabu za sehemu huku jicho moja liko nje. Kibendera kikiinuka, wanafunzi wanasoma kimya kimya. Sheria inataka mwenye ndoano asiwe mbali nayo. Nimekadiria kwa macho. Nikitoa kichwa dirishani, siko mbali.

Na chekechea? Mungu aninusuru. Mimi ni mtu mkubwa, magoti yangu yanalia nikipanda ngazi za kanisa. Viti vyao vinanifika kwenye ugoko. Isitoshe, hapa Minnesota mtoto wa chekechea hatoki nje wakati wa baridi mpaka umemvisha ovaroli ya theluji, buti, kofia, skafu na glavu. Ukimaliza kufunga zipu ya wa mwisho, wa kwanza anataka kwenda haja. Nimewaona walimu wa chekechea mwezi Januari. Huwa hawazungumzi na mtu.

Jumanne, 2 Aprili

Hila ya kwanza: chakula. Nilimwomba mke wangu Glenda aoke bakuli letu la siku za misiba: nyama ya kusaga, supu ya uyoga ya kopo, vipande vya viazi juu. Glenda akauliza kafa nani. Nikamwambia bado, lakini Marlys yuko njiani.

Nimefika chumba cha walimu, nakuta Marlys ameshatandaza trei nzima ya keki za vipande, zenye karanga na chokoleti. Mwanamke huyu hana haya. Alikuwa amevaa aproni, ndani ya shule, ili watu wajue.

Saa nne Daktari Caputo akaingia. Nikamkaribisha sahani. Akasema, "Ndiyo, asante," akaipokea. Mara ya kwanza tu! Watu wote wakatazama viatu vyao. Kwetu mtu akikukaribisha kitu, unakataa. Akikukaribisha tena, unakataa kwa sauti ya chini kidogo. Akikukaribisha mara ya tatu, hapo unapokea, na unasema ni kidogo tu, kwa kuwa umenilazimisha. Mtoto wa miaka minne anajua hili. Sikuwahi kumwona mtu mzima akirukia ya kwanza.

Kisha mabaya zaidi. Kipande cha mwisho cha keki ya Marlys kilikuwa kimebaki kwenye trei. Kipande cha mwisho hakiliwi. Tangu asubuhi kila anayepita alikuwa anakikata nusu na kuacha nusu, mpaka kikawa sawa na kifungo cha shati. Daktari Caputo akakiokota na kukitupia mdomoni, akauliza ni nani aliyeoka kitu kitamu hivi.

Nilimhurumia kwa malezi aliyoyakosa. Lakini alimsifu Marlys mbele ya watu, na bakuli langu hakulitaja. Nimelirudisha nyumbani. Kijiko cha mwisho cha chakula kilikuwa bado kimo ndani.

Alhamisi, 4 Aprili

Hila ya pili, na ni ya akili zaidi. Sitamsema Marlys vibaya. Kwetu hatusemani vibaya. Tunasema "yule ni tofauti" na kunyamaza. Mimi nitamvisha kilemba cha ukoka. Nitamsifu mpaka aangukie chekechea kwa uzito wa sifa zake.

Nilianza na mwalimu mkuu, bwana Kjos. Nikamwambia Marlys ana moyo wa pekee kwa watoto wadogo. Bwana Kjos akasema si mbaya. Hilo ndilo jambo zuri kuliko yote ambalo bwana Kjos huwa anasema. Nikawaambia wapishi. Nikamwambia dereva wa basi. Mchana nikamvizia Daktari Caputo koridoni, nikamweleza kwa huzuni kwamba kumwacha Marlys na watoto wakubwa ni kumwonea, kwamba yeye kazaliwa chekechea na atafia chekechea.

Daktari Caputo akacheka sana. Akasema ajabu, Marlys alikuwa ofisini kwake asubuhi hiyo hiyo akisema hayo hayo kunihusu mimi. Eti nina kipaji cha vikaragosi vya vidoleni. Eti nikimwona mtoto anajifunga kamba za viatu, natokwa na machozi.

Mimi! Nilitokwa na machozi mara moja, Januari, kituo cha basi, na ulikuwa upepo.

Saa ya kutoka nilikutana na Marlys kwenye maegesho. Akaniambia nimependeza na kofia yangu. Nikamwambia na yeye kapendeza na yake. Tukasimama hapo tukitabasamu mpaka meno yakaganda.

Ijumaa, 5 Aprili

Hila ya tatu. Ni mimi mwenyewe niliyeibuni, nikiwa bafuni.

Mama Haugen wa chekechea alikuwa na miadi ya daktari wa meno mchana. Nikajitolea kumshikia darasa. Mpango: niharibu. Niharibu vibaya sana kiasi kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu atakayenipa chekechea. Nilimdokeza bwana Kjos amlete mkurugenzi apite kukagua.

Nilianza kwa kusoma hadithi kwa sauti mbaya. Sungura nilimpa sauti ya kukoroma, mbwa mwitu nikampa sauti laini. Watoto wakapiga makofi. Nikawaambia nitasoma ripoti ya hali ya hewa ya kaunti. Wakasogea karibu. Kuna kitoto kimoja kinaitwa Tilda, hakina meno ya mbele, kikapanda juu ya buti langu na kukaa hapo.

Kisha nikakosea: nikakaa. Kile kiti cha plastiki kikanipokea vizuri tu, ila nilipoinuka, kikainuka na mimi. Nikavuta, wapi. Nikazunguka kukitafuta kwa nyuma, nacho kikazunguka. Watoto wakaanguka sakafuni kwa kicheko, wengine wakajikojolea. Tilda alikuwa ananivuta mkono akisema, "Tena, babu! Tena!"

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Daktari Caputo alisimama pale kwa muda. Alikuwa ameweka mkono kifuani. Macho yalikuwa yamelowa.

Nimekuja nyumbani nimesimama garini karibu njia yote. Si kweli, lakini ndivyo nilivyojisikia. Kiti kilitolewa na fundi wa shule kwa siagi ya mkahawani.

Jumatatu, 8 Aprili

Siku kubwa. Saa tisa nimeitwa ofisini kwa mkurugenzi. Nilikuwa nimevaa tai ya shingoni yenye picha za samaki.

Nilijiandaa kupigana. Nilikuwa na hoja. Badala yake Daktari Caputo akaniambia moja kwa moja, hata sijakaa, kwamba kile alichokiona Ijumaa kimemgusa, na kwamba mwalimu anayeweza kuwashika watoto namna ile anastahili kuchagua. Akasema, "Orrin, mimi nafikiri darasa la sita ni lako. Chumba namba kumi na nne. Unakitaka?"

Nikaona kibendera chekundu kinainuka. Nikafungua mdomo, na mdomo ukafanya ulichofundishwa na mama yangu. Nikasema, "Ah, hapana, nisingependa kukusumbua. Mpe Marlys."

Hiyo ni ya kwanza. Vizuri kabisa.

Akaniangalia kwa mshangao, akauliza, "Una uhakika?"

Ya pili! Nikashusha sauti, nikatazama zulia, nikasema mimi niko sawa popote pale, hata chekechea, wasijali. Nikajiweka tayari kwa ya tatu. Niliinama mbele kidogo. Neno "basi, kwa kuwa umenilazimisha" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Daktari Caputo akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema amefurahi kukutana na mtu anayejua moyo wake. Akanifungulia mlango.

Nilibaki koridoni. Nikafunga kamba za viatu polepole. Viatu vyangu havina kamba. Nikaenda garini, nikakaa, nikateremsha kioo, maana hapa kwetu mambo mengi ya maana husemwa kwenye dirisha la gari mtu akiwa ameshaaga. Akatoka. Akanipungia. Akaondoka zake.

Nimemwambia Glenda mambo yanaendelea vizuri sana. Nimeshakaribishwa mara mbili.

Jumatano, 10 Aprili

Dhoruba ya theluji. Shule zimefungwa. Nimekaa karibu na simu.

Daktari Caputo hajapiga. Nadhani ni laini. Nimemwomba Glenda atoke na simu yake hadi gereji anipigie. Laini ni nzima.

Glenda akakaa mbele yangu na kikombe. Akaniuliza niseme kweli, yule mama nilimjibu nini. Nikamweleza, kwa fahari. Glenda akafumba macho. Akasema, "Orrin, yule ni mtu wa New Jersey. Kwao ukitaka kahawa unasema nataka kahawa, na usipoisema kwa haraka anakunywa mwingine." Nikamwambia haiwezekani watu waishi hivyo. Akasema mamilioni wanaishi hivyo. Akaniuliza kama nataka kahawa.

Nikasema hapana, usijisumbue.

Akainywa yeye.

Ijumaa, 12 Aprili

Samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa chini wa kanisa la Wakatoliki. Kwaresima hata sisi Walutheri huenda kule, kwa ajili ya umoja wa Wakristo na mchuzi wao wa kachumbari. Nilijua Daktari Caputo atakuwepo.

Mpango: kumpa nafasi ya kunikaribisha mara ya tatu bila kumlazimisha. Nilisimama nyuma yake kwenye foleni. Nikasimama kando yake penye limau. Nikakohoa. Nikasema, kama naongea na hewa tu, kwamba ziwa linapendeza mwaka huu, hasa ukiliangalia kutoka juu, tuseme ghorofa ya pili.

Kila nilipogeuka, nilimwona Marlys. Naye ana sahani, naye anazunguka. Penye limau tulikutana watatu. Marlys naye akaiambia hewa kwamba yeye anapenda sana madirisha.

Nikamhurumia. Maskini, hajui kwamba jambo lenyewe liko kwangu, limebakiza hatua moja.

Daktari Caputo akatushika mabega wote wawili, akasema hajawahi kufanya kazi na watu wenye ukarimu kama huu, na kwamba Jumatatu atatangaza. Akala kipande cha mwisho cha samaki kwenye trei. Ukumbi mzima ukatazama viatu.

Jumatatu, 15 Aprili

Siwezi kuandika vizuri, kalamu imeshatoboa karatasi mara mbili.

Ukumbi wa michezo tena, viti vya kukunja tena. Daktari Caputo akasimama mbele, akasema darasa la sita, chumba namba kumi na nne, shule ya kati, limeenda kwa mwalimu Rogelio Cantú.

Cantú! Na koti lake!

Nikamgeukia Marlys ili nione anavyofurahi nilivyokosa. Hakuwa anafurahi. Alikuwa ameshikilia kiti chake kwa mikono miwili, uso mweupe kuliko ukuta. Hapo ndipo nilipoelewa. Nikamuuliza kwa kunong'ona kama naye aliitwa ofisini. Akasema aliitwa Jumanne, siku moja baada yangu. Nikamuuliza kama alikaribishwa. Akasema ndiyo, mara mbili. Nikamuuliza alijibu nini.

Akasema, "Unafikiri nilijibu nini, Orrin? Mimi si mshenzi."

Daktari Caputo akaendelea. Alisema alisikitika kidogo kuona walimu wawili wenye uzoefu wakikataa chumba kizuri hivyo, lakini ameheshimu mioyo yao, kwa kuwa hata kabla ya hapo kila mmoja alikuwa amemthibitishia kwamba mwenzake kazaliwa kufundisha chekechea. Akaomba tupigiwe makofi. Tukapigiwa. Tukasimama, tukainama. Vyumba vyetu vya chekechea vinatazamana na choo cha wavulana.

Marlys hakuniongelesha mpaka maegesho. Pale akaniambia kofia yangu ni tofauti.

Jumanne, 16 Aprili

Nimemwendea Cantú kumpongeza. Kwa kweli nimemwendea kumchunguza. Nilitaka kujua alitumia hila gani.

Akaniambia alipigiwa simu Jumatano ya dhoruba, akiwa chini ya blanketi. Mkurugenzi akamuuliza kama anataka darasa la sita. Yeye akasema, "Ndiyo, asante."

Nikamuuliza baada ya hapo akasema nini. Akasema hakusema kitu kingine, mkurugenzi akakata simu. Nikamuuliza kama anajua kuvua samaki kwenye barafu. Akasema hapana, mzee wangu, na Mungu akimjalia hatajua kamwe. Ataweka mapazia mazito dirishani kuzuia baridi.

Mapazia!

Sikulala mchana wala jioni. Nimefikia uamuzi. Nimezaliwa upya. Kuanzia leo, mtu yeyote akinikaribisha kitu chochote, nasema ndiyo kabla hajafunga mdomo. Nimemwomba Glenda anifanyishe mazoezi. Akanikaribisha biskuti. Nikajaribu. Jasho likanitoka. Nikasema "ha." Akanikaribisha tena. Nikasema "nd." Ya tatu nikaipata yote, lakini Glenda akasema ya tatu haihesabiki.

Ijumaa, 26 Aprili

Ushindi! Nimesema ndiyo!

Daktari Caputo alinisimamisha koridoni akaanza, "Orrin, nilikuwa nawaza kama ungependa…" Sikumngoja. Nikasema ndiyo, asante, kwa sauti, mpaka mtoto mmoja akadondosha maziwa. Akafurahi mno. Akasema alijua atapata mtu, wenzangu wote wamekataa.

Nitavaa vazi la samaki. Siku ya kufunga shule kutakuwa na sherehe ya kuwaaga darasa la sita wanaohama jengo, na lazima awepo yule samaki ambaye ni nembo ya timu yetu, yule mkubwa wa sponji mwenye macho ya mabakuli. Nitacheza mbele ya wazazi. Kuna wimbo.

Glenda amecheka mpaka akatoka nje. Nimemwambia muhimu ni kanuni. Ndiyo ya kwanza imeshatoka, sasa mlango uko wazi.

Ijumaa, 31 Mei

Siku ya mwisho ya shule. Joto kali, kama kawaida yetu; wiki tatu zilizopita kulikuwa na theluji. Nilicheza ndani ya samaki. Tilda alikuwa mstari wa mbele akipiga kelele, "Ni babu wa kiti!" Mapezi yangu yalimpiga mjumbe mmoja wa bodi usoni, naye akasema hakuna shida, ingawa miwani ilivunjika.

Baada ya wimbo nilienda kupumua penye kivuli cha mabasi. Marlys alikuwa pale akiuza keki za vipande kwa ajili ya safari za watoto. Mwezi na nusu tumekuwa tukijifunza kufunga zipu kwa mwanasesere, kila mtu kwenye chumba chake, milango wazi, kila mmoja akitaka kumwonyesha mwenzake ana kasi gani. Ana kasi kuliko mimi. Sijamwambia na sitamwambia.

Ndipo akaja Cantú, na funguo za gari mkononi. Alikuwa anaondoka hapo hapo kwenda Texas kwa likizo, gari limeshapakiwa, nyanya yake anamngoja. Akatuambia anataka kusema jambo. Watoto wakubwa wanamtisha. Wanamzidi kimo. Na kile chumba namba kumi na nne kina baridi hata Mei. Amezungumza na mkurugenzi, na mkurugenzi amekubali: akipata mwalimu wa kubadilishana naye leo, kabla hajaondoka, yeye yuko radhi kwenda chekechea. Akanigeukia, akanitazama kwenye macho ya mabakuli. Yangu yako chini zaidi, mdomoni mwa samaki.

Akasema, "Mzee Tvedt, nasikia wewe unalipenda lile ziwa. Chukua chumba. Unakitaka?"

Mwezi na nusu wa biskuti! Nilikuwa na neno. Nililishika kwa meno. Nilivuta pumzi, nikamwangalia kijana wa watu, amesimama juani, mpole, safari ndefu mbele yake, nikawaza: huyu si mtu wa New Jersey. Huyu ameishi nasi majira mawili ya baridi. Amekula kwenye vyumba vyetu vya chini vya kanisa. Huyu anajua.

Nikasema, waziwazi, kwa sauti iliyosikika vizuri, "Ah, hapana, mwanangu. Usijisumbue kwa ajili yangu."

Cantú akainamisha kichwa kwa heshima. Akamgeukia Marlys, akamuuliza yeye je. Nilimwona Marlys akikunja aproni yake mikononi kama anakamua tambara. Akasema yeye yuko sawa popote.

Cantú akasema sawa, basi, atanunua mapazia. Marlys akamkaribisha keki ya njiani. Cantú akasema, "Ndiyo, asante," akachukua kipande cha mwisho, akaingia garini, akaondoka.

Nimefika nyumbani saa kumi na moja na nimemweleza Glenda yote. Ameweka uso mezani na bado hajauinua. Hajaelewa. Nimemfafanulia kwamba hiyo ilikuwa ya kwanza, na kwamba mambo hayajawahi kwenda vizuri hivi. Anayenisikitisha ni Marlys. Mwanamke amekosa chumba mara moja kwa kujifanya hataki, na leo amefanya vile vile, mbele ya macho yangu. Kuna watu hawajifunzi.

Mimi nimeshafunga maboksi ya chumba namba kumi na nne na kuyapanga karibu na mlango. Simu iko mfukoni, sauti nimeongeza mpaka mwisho. Sasa hivi Cantú atakuwa anakaribia mpaka wa Iowa. Pale pana kituo cha mafuta chenye uwanja mpana, gari linageuka bila shida.